Paswedi Nilikuwa Nayo

Paswedi nilikuwa nayo siku zote. Mwenyekiti wa kituo aliponipigia simu kuniuliza kwa nini kompyuta za Haneti zimegoma kuwaka, nilimjibu kwamba ugonjwa ule unataka vifaa maalumu, na kwamba sharti nije navyo mwenyewe kutoka mjini. Mzee wa watu akaniamini. Akanishukuru, akasema watanisubiri. Vifaa gani? Hapakuwa na kifaa chochote. Palikuwa na neno moja na tarakimu nne, na kumtajia mwalimu wa kituo kwa simu kungechukua muda mfupi kuliko ule nilioutumia kumdanganya mwenyekiti wake.

Walionifahamu tangu nasoma Chuo Kikuu cha Dodoma hawataamini kwamba mtu huyo ni mimi. Pale chuoni nilikuwa mhubiri wa programu huria, tena wa aina ile inayochosha. Nikimkuta mwenzangu anapigiwa Windows ya wizi na fundi wa pembeni ya barabara, namkalisha chini namweleza kwamba Linux ipo, haiuzwi, msimbo wake uko wazi, na yeyote anaweza kuusoma, kuubadili na kumgawia jirani. Mfano wangu niliupata hapa hapa nyumbani: mwaka 2004 watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliichukua OpenOffice wakaitafsiri kwa Kiswahili, wakaiita Jambo OpenOffice, bila kumpigia magoti mwenye kampuni yoyote. Jaribu kufanya hivyo na programu iliyofungwa, nilikuwa nikisema, uone utajibiwa na nani.

Sehemu ya mahubiri iliyopendwa zaidi ilikuwa ya vitisho. Mwaka 1999 Compaq, HP, IBM, Intel na Microsoft waliunda umoja wa kutengeneza kompyuta ya kuaminika. Ndani ya bodi ya mashine huwekwa chipu ndogo, leo inaitwa TPM, inayotunza funguo za siri na kupima kila kinachowaka, hatua kwa hatua, ili mwishowe iweze kutoa ushahidi kwamba mashine hii inaendesha programu hizi na si nyingine. Mwaka 2002 Microsoft ikatangaza mpango wake wa Palladium juu ya wazo hilo hilo. Ross Anderson, mtaalamu wa usalama wa kompyuta pale Cambridge, akaandika maswali na majibu yaliyosomwa dunia nzima, na hoja yake niliikariri: uliza kwanza mashine inaaminiwa na nani. Kompyuta inayoweza kumthibitishia mtu wa mbali kwamba wewe mwenyewe hujagusa kitu ndani yake, inaweza pia kumtumikia mtu huyo wa mbali dhidi yako. Richard Stallman, mwanzilishi wa harakati za programu huria, alikwenda mbali zaidi, akaiita kompyuta ya usaliti. Palladium kama ilivyopangwa haikufika sokoni. Chipu ilifika. Nami nikiwa bwenini nikayarudia hayo yote kwa sauti kubwa kuliko ya wenyewe.

Kompyuta za Haneti zilikuwa za kutupwa. Windows 11 ilitoka tarehe 5 Oktoba 2021 ikiwa na sharti kwamba mashine iwe na TPM ya toleo la 2.0 na prosesa iliyomo kwenye orodha ya Microsoft, na kompyuta chungu nzima zikaachwa nje zikiwa nzima. Ilipojulikana kwamba masasisho ya bure ya usalama ya Windows 10 yatakoma tarehe 14 Oktoba 2025, ofisi zikaanza kuzitoa stoo kwa bei ya kuondoa uchafu. Nikanunua kadhaa. Ni kompyuta mpakato imara, za kazi, zilizochoka betri tu. Nilijiona nimemshinda adui: ile chipu ya kuaminika imezifukuza mjini, na Linux itazifufua kijijini. Nilikuwa nikimsimulia hivyo kila aliyekubali kunisikiliza, na wengine ambao hawakukubali.

Haneti ni kata ya Wilaya ya Chamwino, kaskazini mwa Dodoma mjini, upande wa vilima vya Chenene. Ni nchi ya uwele, mtama na alizeti, na ya mawe pia: krisopraze ya kijani imechimbwa huko kwa miaka, na siku hizi watafiti wa nikeli wanapita na ramani zao. Wenyeji wanajua vizuri kwamba shamba linaweza kuwa lako na kilicho chini yake kikawa na leseni ya mtu mwingine. Sheria ya Madini ya mwaka 2010 inasema madini yote ni mali ya Jamhuri, na leseni haitolewi kijijini. Mimi niliwapelekea kitu cha namna hiyo hiyo, ila bila sheria wala fidia.

Kituo chenyewe, ambacho jina lake naliacha, ni chumba kimoja kilichoanzishwa na wazazi. Vijana waliomaliza kidato cha nne na cha sita hufika pale kubadili tahasusi kwenye mfumo wa selform, kuomba vyuo, kuomba mkopo wa elimu ya juu, kuchapa barua. Kabla yake, shughuli hizo zilikuwa nauli ya kwenda mjini, foleni ya steshenari, na mara nyingine kulala kwa ndugu.

Sababu ya kufunga ilikuwepo, na haikuwa ya kijinga. Kompyuta za mwanzo za kituo ziliharibiwa na kila aliyejua kidogo. Mmoja alipiga Windows ya wizi juu ya iliyokuwepo, mwingine akaingiza michezo, flashi za watu zikaleta virusi, na mafaili ya vijana, vyeti vya kuzaliwa vilivyoskaniwa, barua za maombi, yakapotea. Nikaapa kwamba hizi za kwangu hazitaguswa.

Kompyuta za kisasa, kabla hazijawasha mfumo endeshi, zinaweza kudai saini. Kipengele hicho kinaitwa Secure Boot. Programu ya kwanza kabisa ndani ya mashine, ile ambayo mafundi bado tunaiita BIOS, ina orodha ya funguo inazoziamini, na kinachotaka kuwaka lazima kiwe kimetiwa saini na mwenye mojawapo ya funguo hizo. Karibu kila mashine hutoka kiwandani ikiwa na funguo za Microsoft. Lakini mashine nyingi za ofisi zinamruhusu mwenyewe kuzifuta na kuweka zake, na hapo ndipo niliposhangilia. Nikazifuta za Microsoft zote. Nakumbuka nilipiga picha skrini. Nikaweka za kwangu. Nikatia saini yangu kwenye kiini cha Linux na kwenye GRUB, ile programu inayokipakia. Nikaificha menyu ya kuwashia. Mwisho nikaweka paswedi kwenye BIOS, asije mtu akaizima kinga yenyewe. Ufunguo wa siri wa kutilia saini ulibaki kwenye kompyuta yangu Dodoma, na paswedi ikabaki kichwani mwangu.

Mwalimu wa kituo nilimpa paswedi ya utawala wa Linux. Nilijiona mkarimu.

"Na hii ya mwanzo kabisa, kaka?" aliniuliza.

"Hiyo niachie mimi, mwalimu. Ni kwa usalama wenu."

Jibu hilo nilikuwa nimelikejeli kwa miaka mingi kila lilipotoka kwenye kinywa cha kampuni. Likanitoka bila hata kukwama.

Sasa, kiini chenye saini yangu kilipaswa kisibadilike mpaka nije. Kwa hiyo nilikizuia kisijisasishe, na hilo peke yake ni kosa ambalo fundi mwenzangu akinisimulia nitamcheka: kompyuta zinazobeba namba za NIDA za watoto wa watu nilizikalisha bila marekebisho ya usalama ya kiini mpaka nipate nafasi ya kupita. Safari moja nikapita, nikaondoa kizuizi, nikasasisha, nikatia saini, nikala, nikaondoka. Kizuizi sikukirudisha.

Baadaye mashine zenyewe zikaanza kuonyesha ujumbe kwamba kuna masasisho. Mwalimu ni mtu wa utaratibu. Alizisasisha moja baada ya nyingine mpaka zikaisha, akazizima jioni, akafunga mlango. Kiini kipya kilikuja na saini ya watengenezaji wa Ubuntu, aina ya Linux niliyowawekea, saini halali kokote duniani isipokuwa kwenye chumba kile. Asubuhi hakuna iliyowaka. Skrini zilitoa maandishi ya Kiingereza kwamba saini si halali, zikazima.

Alifanya kila ambacho fundi mwenye akili angefanya. Aliazima flashi yenye Ubuntu ili aiwashe mashine kwa njia hiyo. Ikakataliwa, kwa sababu Ubuntu ya kwenye flashi hutegemea saini ya Microsoft, na funguo za Microsoft nilikuwa nimezifuta kwa shangwe. Akaingia BIOS aizime Secure Boot, akakutana na paswedi yangu. Akatoa ile betri ndogo ya kwenye bodi kama video zinavyofundisha, lakini mashine za ofisi zimetengenezwa zisisahau paswedi kwa kutolewa betri. Fundi mmoja wa mjini akamwambia kwa simu kwamba dawa ni kubadili mazabodi, ile bodi kubwa inayobeba kila kitu, na bei aliyomtajia haikuwa mbali na ya kununua mashine nyingine iliyotumika. Kiini kilikuwa huria, GRUB ilikuwa huria, programu ya kuandikia ilikuwa huria, kila mstari wake angeweza kuusoma akitaka. Hakuweza kuwasha hata moja.

Akanipigia. Dirisha la maombi ya mkopo wa elimu ya juu lilikuwa wazi.

"Kaka, si unitajie tu hiyo paswedi?"

"Haitajwi kwenye simu, mwalimu. Nakuja."

Nilikuwa Mtumba, kwenye Mji wa Serikali, nafunga kompyuta katika jengo jipya. Malipo yalikuwa mazuri na msimamizi hakuwa mtu wa kuomba ruhusa mara kwa mara. Nikasema nakuja na sikwenda. Mwenyekiti alipoingilia kati, ndipo nikazua habari ya vifaa maalumu, ili kuchelewa kwangu kuonekane kuna sababu.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikuitaja tu. Jibu la kwanza nililojipa ni la kiungwana: nikimpa mwalimu, kesho atampa kijana fulani, kijana atapiga Windows, na virusi vitarudi. Hofu hiyo ilikuwa ya kweli kidogo. Jibu la pili ni la fedha. Kila nilipoitwa Haneti nilipewa nauli na cha juu yake, si kingi, lakini ni pesa iliyokuwa na uhakika, na mtu mwenye paswedi yake mkononi hamuiti fundi kila mwezi. Jibu la tatu ndilo linalonitia aibu. Nilipenda kuitwa. Mjini mimi ni mmoja wa mafundi wengi, naelekezwa pa kupitisha waya. Haneti nikishuka kwenye basi watoto wananipokea begi, wazee wananipa kiti, mwenyekiti anasema mtaalamu amefika. Ningeitaja paswedi ile, ningebaki kijana wa kawaida anayejua kompyuta. Sikuyapanga hayo, kusema kweli. Lakini kila nilipofikia mahali pa kuamua, nilichagua upande ule ule.

Kwa wiki moja na kitu niliyochelewa, vijana walirudi kwenye nauli na foleni. Binti mmoja aliyemaliza kidato cha sita alikwenda mjini mara mbili. Fomu ya mkopo hujazwa mtandaoni, ikachapwa, ikapelekwa kwa kiongozi wa serikali ya kijiji isainiwe, na kurasa zilizosainiwa zikaskaniwa na kupandishwa tena. Alichapa mjini, akarudi Haneti kutafuta saini, akapanda tena basi kwenda kuskani. Habari hii nilikuja kuipata nikiwa nimeshalipwa.

Hapa niseme kidogo juu ya watu niliokuwa nikiwaita wasaliti, maana nawadai radhi wao pia.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Wamarekani waliuziwa kisanduku cha kurekodia televisheni kilichoitwa TiVo. Ndani kilikuwa na Linux, na kampuni ilitoa msimbo kama leseni ya Linux, iitwayo GPL, inavyodai. Ila ukiubadili na kuurudisha ndani ya kisanduku, kinakataa, kwa sababu hauna saini ya kampuni. Kwa sababu ya mchezo huo, toleo la 3 la GPL, lililotolewa tarehe 29 Juni 2007, liliongeza sharti: ukimpa mtu kifaa cha matumizi ya kawaida chenye programu hii, umpe pia taarifa zote anazohitaji ili toleo lake alilolibadili liweze kuwaka humo, funguo zikiwemo. Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, hakulikubali. Kwa maoni yake leseni ihusu msimbo, na kifaa ni habari ya aliyekitengeneza. Kiini cha Linux kimebaki chini ya toleo la 2 mpaka leo. Chuoni nilikuwa upande wa Stallman, tena kwa jazba. Na angalia: GRUB, niliyoitia saini yangu na kuwafungia watu wa Haneti, iko chini ya toleo la 3. Yawezekana nilivunja sharti lile lile nililokuwa nalitetea, na sikuliwaza hata dakika moja, kwa sababu TiVo ilikuwa kampuni na mimi nilikuwa mtu mwema.

Halafu kuna shim. Secure Boot ilipoingia sokoni pamoja na Windows 8 mwaka 2012, watu wa Linux walikabiliwa na uchaguzi mbaya: wawaambie watumiaji wazime kinga, au waombe saini ya Microsoft. Fedora, aina nyingine ya Linux, iliamua kuomba, kwa ada ya dola 99. Matthew Garrett, wakati huo akiwa kampuni ya Red Hat, akaandika programu ndogo iitwayo shim, Microsoft ikaitia saini, na shim ndiyo inayoipokea Linux na kuipisha. Ubuntu nayo hupita hapo. Ina maana kwamba kompyuta nyingi zenye Linux zinawaka kwa idhini iliyotoka kampuni ya Windows, na mimi nilikuwa nikiwacheka Fedora kwamba wamenunua uhuru kwa dola 99. Kitu nilichokuwa nakiruka kwenye hotuba ni kwamba shim inamwachia mwenye mashine mlango: akiwa ameketi mbele ya kompyuta yake anaweza kuongeza ufunguo wake mwenyewe, nayo itauheshimu. Hata masharti ya Microsoft ya Windows 8 kwa mashine za prosesa za aina ya Intel yalidai kwamba mwenyewe aweze kuizima Secure Boot. Kwa vifaa vya ARM walikataza, na walipofika Windows 10 wakawaachia watengenezaji waamue, kwa hiyo sisemi ni malaika. Nasema kwamba wote hao, Microsoft wakiwemo, waliiacha njia ambayo mimi niliiziba.

Tarehe 13 Agosti 2024 sasisho la Windows lililokusudiwa kuzuia matoleo mabovu ya GRUB liliangukia pia kompyuta zenye mifumo miwili, na Linux za watu wengi zikagoma kuwaka. Kelele zilikuwa kubwa, na zilistahili: kampuni moja imebadili kitu usiku, asubuhi mfumo ambao si wake hauwaki. Mimi nami nilipiga kelele. Ila wale watu waliingia BIOS, wakaizima Secure Boot, wakaendelea na kazi, kisha wakatafuta suluhisho taratibu. Walikuwa na pa kuingilia.

Nilipokwenda Haneti hatimaye, bodaboda aliyenitoa stendi alikuwa na simu ya mkopo, ameifunga kwenye usukani. Simu hizi zinajulikana Afrika Mashariki nzima sasa. Nchini Kenya, Safaricom na Google walizitangaza kwa jina la Lipa Mdogo Mdogo Julai 2020, kwa marejesho ya shilingi 20 za Kenya kwa siku. Usipolipa, simu inafungwa kutoka mbali mpaka ulipe. Ndani yake ni Android, na ndani ya Android ni Linux, kile kile kiini cha mahubiri yangu. Nikamwuliza kama haimkeri kubeba simu inayoweza kufungwa na mtu asiyemjua. Sauti yangu ilikuwa na uchungu wa mwanaharakati, ilhali nakwenda kuzifungua kompyuta nilizozifunga.

"Inakera," akasema. "Lakini hawa nikilipa tu, inafunguka hapo hapo."

Kama alikuwa na habari ya kituo, hakuonyesha. Ni kweli pia kwamba yeye alisaini mkataba, akaelezwa siku ya kufungwa na siku ya deni kuisha. Watu wa kituo hawakusaini kitu na mimi. Waliambiwa kompyuta ni zao.

Nilikuwa na begi la vifaa. Hapa ndipo ningependa kuruka. Ndani niliweka bisibisi, koleo, diski ya nje na waya ambazo sikuzihitaji, kwa sababu nilikwisha sema nakuja na vifaa. Wajumbe wa kamati ya kituo walikuwa wamekaa wanatazama. Nikaigeuza kompyuta ya kwanza, nikafungua skrubu za mfuniko wa nyuma, nikachungulia ndani, nikapuliza vumbi, nikafunga. Nikachomeka diski ya nje ambayo taa yake inawaka buluu. Kisha, kama mtu aliyemaliza sehemu ngumu, nikaingia BIOS nikaandika paswedi. Mashine zote hazikuchukua hata nusu saa, na sehemu kubwa ya muda ilikwenda kwenye skrubu.

Mwalimu alikuwa amesimama nyuma yangu. Aliviona vidole vyangu, na bila shaka aliona pia kwamba diski ya nje haikufanya chochote. Hakusema kitu.

Wakatupikia ugali wa uwele, mlenda na kuku. Mwenyekiti akasimama, akanishukuru kwa kuacha kazi za serikali nikawakumbuka watu wa kijijini, akanipa bahasha. Nikaipokea kwa mikono miwili.

Sikurudi kusema ukweli kwa sababu dhamiri ilininyima usingizi. Nalala vizuri tu. Nilirudi kwa sababu mwalimu alinitumia ujumbe mfupi baada ya dirisha la mkopo kufungwa: "Kaka, siku ile skrubu ulifungua za nini?" Niliandika majibu kadhaa nikayafuta. Wiki iliyofuata nikapanda basi, bila kuitwa na bila begi.

Niliwaeleza wote pamoja, mwenyekiti, mwalimu na wajumbe waliokuwepo. Habari ya funguo na saini ilimpita mzee, na alisema wazi kwamba imempita. Ya paswedi aliielewa mara moja.

"Kwa hiyo ilikuwa kichwani mwako."

"Ndiyo, mzee. Naomba mnisamehe."

Alinyamaza kidogo, akamgeukia mtunza hazina akamwuliza bahasha ile ilikuwa ya shilingi ngapi, kisha akaniambia niirudishe na iandikwe kwenye kaunta buku. Ikaandikwa, nikasaini. Nauli ya binti wa mkopo haimo kwenye buku lile. Mama yake nilimfuata nyumbani, akanisikiliza mpaka mwisho akiwa anapepeta mtama, akasema mwanawe amepata chuo na yameshapita. Hela hakuipokea. Sikuweza kujua ni msamaha au ni kutotaka kunipa nafuu.

Mashine nilizirudisha kwenye funguo za kiwandani, Microsoft ndani yake, kwa sababu bila hizo flashi ya Ubuntu haiwaki na mwalimu hawezi kujisaidia. Secure Boot niliiacha imewashwa. Ile hofu ya watu kuingiza takataka bado ni ya kweli. Kwa kutumia shim nikamwonyesha mwalimu namna ya kutengeneza ufunguo wake na kuuingiza, akafanya mwenyewe, mimi nikiwa nimekaa mbali na kibodi. Paswedi ya BIOS ikaandikwa kwenye karatasi, karatasi ikafungiwa kwenye bahasha kwa katibu.

"Kwa hiyo Ubuntu inawaka kwa ruhusa ya Microsoft," mwalimu akasema.

"Ndiyo."

"Na ulituambia iko huru."

Nikaanza kumweleza tofauti ya leseni na saini, nikamtaja Garrett, nikamtaja Anderson. Akaniacha nimalize, kisha akaniuliza kama printa itahitaji kuwekwa upya.

Siku hizi kompyuta moja ya kituo ina Windows. Kamati iliamua, kwa kuwa vijana wanaoomba kazi mjini wanaulizwa Excel. Sikuulizwa, na nilipojua nilikuwa nimeshatunga hotuba kichwani kabla sijajizuia. Paswedi ya BIOS nayo imebadilishwa. Mara ya mwisho nilipokwenda kuongeza kumbukumbu kwenye mashine moja, ilibidi kuingia huko ndani, nikamwomba mwalimu anitajie. Aliigeuza kompyuta upande wake, akaandika, akanirudishia. Nilikereka. Nikaendelea na kazi.